Injini Iliyokohoa Kiwanjani Tu

Mtu akiumwa na kiroboto, aghalabu hukurupuka akatikise mkeka wa jirani. Shati alilolivaa halikumbuki. Waliotutangulia walitujua hivyo, wakatuachia maneno manne ya kututia haya: kikulacho ki nguoni mwako. Wengi wakiyasikia humfikiria ndugu msaliti au rafiki mnafiki. Lakini iko siku utaikung'uta nguo yote usimkute humo mtu mwingine ila wewe mwenyewe.

Palikuwa na kinyozi mmoja, hodari wa mkasi na mwenye wazimu wa mbio za magari, watu wakimwita Kioo. Jina hilo lilitokana na gari lake dogo jekundu, maana liling'aa hata ungeweza kujitazama ubavuni mwake ukachana nywele. Gari hilo alilijenga pamoja na shemeji yake, mume wa dada yake, fundi makini asiyependa maneno mengi. Kwa miaka mitatu walilifungua na kulifunga wawili hao katika karakana ya shemeji, mchana wakila sahani moja, mpaka wageni wakadhani ni ndugu wa tumbo moja.

Msimu huo mambo yakaenda mrama. Katika shindano la kwanza, mzunguko wa nne, taa ya injini ilianza kupepesa. Gari likatetemeka, likaishiwa nguvu, na wenzake wakampita kama aliyesimama kununua maji. Shemeji alichomeka mashine yake ya kupimia, ikamwambia kwamba silinda ya tatu inakosa moto. Akabadilisha plagi. Wiki nzima Kioo aliliendesha mjini, likaenda laini bila kosa. Shindano la pili, taa ile ile, silinda ile ile. Siku tatu baadaye, karakanani, shemeji aliing'oa koili ya silinda ya tatu, ile inayoipa plagi umeme, akaihamishia ya kwanza, aone kama ugonjwa utahama nayo. Haukuhama wala haukuonekana.

"Likiwa hapa ni zima, likifika kiwanjani linaugua," shemeji alisema, akikuna kidevu. "Hebu niambie, shemeji. Siku moja kabla ya mbio huwa unalifanyia nini?"

"Silifanyii kitu. Nalipeleka tu."

"Fikiri vizuri."

"Nimeshafikiri. Wewe ndiye ufikiri ulivyolifunga."

Shemeji alifuta spana yake polepole, akaiweka mahali pake. Kioo aliona aibu palepale, lakini kiburi kikamziba mdomo.

Siku chache baadaye, mteja mmoja aliyekaa kwenye kiti cha kunyolea alimtilia neno. "Mafundi bwana, wengine hukuachia ugonjwa kidogo ili urudi." Neno likamwingia Kioo kama mwiba. Alhamisi akamwendea dada yake.

"Mwambie mumeo asijisumbue kuja Jumapili. Nimepata fundi mwingine."

"Na huwezi kumwambia mwenyewe?" dada aliuliza. "Mdomo umeuacha kinyozini?"

"Wewe mwambie tu, dada."

"Nitamwambia. Ila neno likishatoka halirudi kwa kuitwa."

Jumamosi alasiri, kama ilivyokuwa desturi yake kabla ya kila shindano, Kioo alifunua boneti. Akapaka injini povu la sabuni, akashika bomba la maji ya kasi, akapiga kila pembe mpaka vyuma vikameta kama sufuria za bi harusi. Aliipenda sana saa hiyo, akiimba puani. Kwake yeye, kuingia kiwanjani na injini chafu kulikuwa sawa na kinyozi kutembea na nywele timtim.

Jumapili, mzunguko wa tatu, taa ikapepesa. Kioo alitoka kiwanjani moyo ukimwenda mbio kuliko gari. Fundi mpya, mama mmoja mwenye miwani, aling'oa koili ya tatu, akasokota kitambaa na kukizamisha katika shimo la plagi. Kilitoka kikichuruzika.

"Nani ameosha injini hii?"

"Mimi, jana. Naiosha kabla ya kila shindano."

Mama yule alimtazama juu ya miwani. "Unaona hapa pana bonde? Maji yote hukimbilia shimo hili. Ukienda taratibu injini inavumilia. Ukiikamua, moto unapotea. Baada ya siku mbili tatu joto linayakausha, nawe unampelekea fundi gari zima. Hivi fundi wako hakuwahi kukuuliza unalifanyia nini?"

Aliuliza. Kioo alijibu kwamba halifanyii kitu, wala hakudanganya. Kuosha hakukuhesabu kuwa ni kitu. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Hakungoja matokeo ya mbio. Alilipeleka gari moja kwa moja karakanani, likiwa limetapakaa vumbi, akamkuta shemeji amekaa peke yake.

"Shemeji, nimekukosea. Injini nilikuwa naizamisha mwenyewe kwa bomba la maji. Nawe nikakutupia lawama. Nisamehe."

Shemeji aliutazama ubavu wa gari uliojaa vumbi. "Miaka mitatu, Kioo. Halafu naambiwa na mke wangu."

"Najua. Ndiyo maana leo nimekuja mwenyewe."

Dada aliingia na chakula, akaweka mezani sahani mbili, moja huku na moja kule. Kioo aliziona. Shemeji naye alizitazama muda mrefu.

"Hizi mbili za nini?" aliuliza hatimaye, akamimina ya kwake juu ya ya Kioo. "Kula, tulifungue gari. Na kuanzia leo lije na vumbi lake."

Kioo alinawa mikono, akakaa. Alikuwa amemsaka adui katika plagi, katika koili na katika moyo wa shemeji yake, kumbe bomba la maji lilikuwa mkononi mwake: kikulacho ki nguoni mwako.