Siku Apolonia Alipojua Anachokiomba

Kale na kale! Itikeni: ilikuwako!

Ilikuwako, wajukuu, mbali kule Ujerumani, enzi Wakristo walipogombania namna ya kumwabudu Mungu, kana kwamba Mwenyewe hayumo chumbani.

Alikuwako ajuza Apolonia, na mumewe Veit, ambaye miguu ilikuwa imemgomea. Tangu utotoni, kengele ikilia walipiga magoti. Padri akiinua mkate waliutazama. Padri akiimba Kilatini waliitikia Kilatini. Divai je? Alikunywa padri peke yake.

Basi ikatoka amri ya wakuu wapya wa kanisa: sasa kila mtu atakunywa kikombeni! Ila, na amri haikosi ila, kwanza mkaguzi wa kanisa amsikie akisema sala ya Baba Yetu kwa lugha ya nyumbani.

Veit alipita. Akabaki Apolonia. Na Veit, watoto, alikuwa amedhoofu. Pasaka nyingine asingeiona. Alitaka wanywe pamoja, walau mara moja.

"Sema, Bibi," mkaguzi akaamuru.

Apolonia akaimba, *Pater noster* mpaka amina, bila kukwama.

"Hicho ni Kilatini."

"Ndicho nilichopewa."

"Maana yake?"

"Maana alikaa nayo padri, bwana. Sisi tulipewa sauti."

Veit akacheka hadi akakohoa. "Si nilikwambia ujifunze? Kichwa kama jiwe la kusagia!"

"Nyamaza wewe, na miguu yako!"

Mkaguzi akashusha pumzi, akaanza kumfasiria, neno baada ya neno. Alipofika "utupe leo mkate wetu", Apolonia akamshika joho.

"Mkate? Huu wa unga?"

"Huohuo."

Ajuza akaliachia joho. "Mwaka wa njaa, tulipomzika binti yetu Barbara, nilizunguka nikitafuta mtu anifundishe ombi la mkate. Kumbe nilikuwa nalo mdomoni."

Veit hakucheka tena.

"Basi liseme," mkaguzi akasema taratibu.

"Utupe leo mkate wetu." Akaishia hapo.

"Yamebaki mengine, Bibi."

"Yatasubiri. Hili bado nalitafuna."

Mkaguzi akafungua kanuni zake, akatafuta kama lazima sala isemwe yote. Ilikuwa lazima, tena kwa herufi kubwa. Akazifunga.

"Leo macho yangu hayaoni vizuri," akasema. "Umepita."

Pasaka wakanywa bega kwa bega.

"Kali," Veit akanong'ona.

"Ulitaka asali?" akajibu mkewe, akimfuta kidevu.

Msidhani, wajukuu, Mungu hakukielewa Kilatini cha Apolonia. Alikielewa siku zote. Ila na mwombaji naye ana haki ya kuelewa anachokiomba.

Kisa kimenitoka, kimeingia kwenu, kalaleni nacho.