Pimbi na Kibao cha Bwawani

Hapo zamani za kale, wanangu, mvua ziligoma misimu miwili mfululizo, na katika nchi yote ya wanyama likabaki bwawa moja tu lenye maji.

Bwawa lile lilitawaliwa na Tembo, jina lake Lugendo. Kila asubuhi yeye na shemeji yake Nyati waliingia kwanza, chubwi, chubwi, wakanywa, wakaoga, wakajigaragaza. Wakitoka, wadogo waliachiwa tope.

Jirani, kwenye majabali, aliishi Pimbi mmoja mjane aliyeitwa Bi Sikudhani. Alikuwa na watoto watatu, na yule wa mwisho alikuwa ameanza kulegea kwa kiu. Lakini Bi Sikudhani alikuwa na jambo la kujivunia: alijua Kiingereza. Majabali yake yalipakana na shule ya binadamu, naye kwa miaka mingi alikaa chini ya dirisha la darasa akisikiliza masomo na kuchungulia ubaoni.

Siku moja Lugendo akamwita.

"Bi Sikudhani, nataka kibao pale bwawani. Kiwe cha Kiingereza, wageni wakipita wajue hapa pana mwenyewe. Andika: bwawa hili ni la mkubwa."

"Nitaandika, Bwana Lugendo. Ila mkubwa yupi? Kwa Kiswahili ukisema mkubwa umemaliza. Kiingereza kina mkubwa wa ngazi tatu."

"Zitaje."

"Ya kwanza ni 'big'. Huyo ni mkubwa, basi. Hata Nyati ni 'big'."

Lugendo akapiga masikio yake, pa! "Mimi na Nyati tupewe neno moja? Panda juu."

"Ya pili ni 'bigger'. Huyo ni mkubwa kuliko mwenzake."

"Hilo hilo. Lina uzito mdomoni. Andika."

Bi Sikudhani akaandika. Lugendo akawakusanya wanyama, akaapa mbele yao kwamba maneno ya kibao ndiyo sheria, na atakayeivunja, hata akiwa yeye mwenyewe, atahama nchi.

Kesho yake asubuhi akaja bwawani, ti, ti, ti, ardhi ikitetemeka. Akamkuta Bi Sikudhani na wanawe wamekaa chini ya kibao.

"Samahani, Bwana. Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Nyati anaumwa."

"Basi huwezi kuingia. 'Bigger' hakai peke yake. Nyuma yake lazima lije neno 'than', yaani kuliko. Wewe ni mkubwa kuliko nani? Sharti huyo mdogo awepo ubavuni pako, aonekane."

Lugendo hakutaka ijulikane kwamba neno alilolichagua mwenyewe hakulielewa. "Najua," akasema. "Simama wewe hapa."

"Ningesimama, ila miguu yangu haina nguvu kwa kiu, na wanangu ni hivyo hivyo. Tukianguka, utakuwa mkubwa kuliko nani?"

Tembo akafikiri. "Kunyweni basi. Upesi."

Wakanywa maji safi, gu, gu, gu. Yule mtoto wa mwisho akalamba midomo, akainama tena. Mama yake akageuza uso ili Tembo asione anavyofurahi.

Habari zikaenea. Siku ya tatu Nyati naye akaja, ubavuni amemweka Digidigi, ambaye alikuwa amedai kunywa kwanza, akanyweshwa. Nyati akawa anatembea kifua mbele. "Na mimi ni 'bigger'," akasema. "Kibao kinanitaja."

Jambo hilo lilimchoma Lugendo. Akaenda mpaka majabalini.

"Bi Sikudhani, lile neno la tatu ni lipi?"

"Ni 'biggest'. Mkubwa kupita wote. Huyo ni mmoja tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulinikatiza, Bwana."

"Futa lile, andika hili."

"Nitaandika. Lakini kupita wote maana yake wote wawepo. Akikosekana mmoja, tutajuaje kama si yeye aliyekuzidi?"

"Hata Panya?"

"Hata Panya. Na hakuna atakayetoka shimoni mwake na koo kavu aje kukusifu."

Lugendo akatazama chini, ambako Nyati alikuwa bado anatamba ukingoni. "Waite," akasema. "Wanywe kwanza."

Basi asubuhi iliyofuata wakaja wote, Panya, Sungura, Digidigi, Kanga na vifaranga vyake. Walikunywa maji yakiwa bado meupe, kisha wakajipanga ukingoni. Bi Sikudhani akapanda juu ya jiwe, akasoma kibao kwa sauti, neno kwa neno, jinsi alivyomsikia mwalimu wa shule akisoma. Wote wakaitikia: "Biggest." Tembo akainua mkonga, akafumba macho. Ndipo akaingia majini, na Nyati nyuma yake.

"Shemeji," Nyati akanong'ona, "huoni kwamba siku hizi sisi ndio tunaokunywa mwisho?"

"Nyamaza," Lugendo akasema. "Wananitazama."

Bi Sikudhani akawaongoza wanawe kurudi majabalini, shingo yake wima, naye hakugeuka nyuma hata mara moja.

Tangu hapo wadogo hawakuonja tope tena. Jueni, wanangu, kwamba hakuna awezaye kuitwa mkubwa kuliko wengine pasipokuwa na hao wengine.