Dawa Iliyotafuta Somo

Hapo zamani, wala si zamani ya sungura na fisi, maana umeme ulikuwapo na ulikuwa ukikatika kama kawaida yake, alikuwako mkemia mmoja jina lake Profesa Tunu Shemweta. Msinitazame hivyo. Hadithi ya mkemia nayo ni hadithi: chungu kiko motoni, mvuke unapaa, na mtu ameinama kuona kitakachobaki chini. Mwishoni nitawauliza swali, na safari hii sitaki mtu ajifanye amelala.

Profesa Tunu alizaliwa vilimani, akafundisha chuo kikuu mjini, chini ya vilima hivyo hivyo. Kazi yake ilikuwa kuihoji miti: wewe una nini ndani? Akauhoji mti mmoja, akatoa dawa ya kupe, ng'ombe wa nchi nzima wakaacha kujikuna. Akauhoji muhogo mchungu, akaonyesha sumu yake inaingiaje na inatokaje. Akauhoji mzizi fulani, akapata rangi nyekundu isiyochujuka hata ukifua kwa hasira. Wanafunzi wake wakawa wakemia wa kutajika huku na huko. Medali alizopewa alizitundika kwenye msumari mmoja na funguo za stoo, na alipozitafuta funguo, medali zililia kama njuga naye akazikaripia.

Sasa, wakemia wana desturi yao. Anayegundua kitu kipya ndiye anayekipa jina, na jina likishatangazwa limetangazwa. Mara nyingi huchukua jina la mti kilikotoka, wakatia "ini" mwishoni, kama kwinini, kama kafeini. Si ini la kukaanga, wewe uliyelamba midomo. Profesa Tunu alivipa vitu vyake vyote majina ya miti iliyovizaa, na mambo yakaenda sawa mpaka kikaja kimoja ambacho hakikuwa na mama.

Huko vilimani adui wa watu alikuwa dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani. Mkulima analima, anapalilia, anavuna, anaweka ghalani, na miezi michache baadaye anashika hindi linabomoka mkononi likawa vumbi. Ghala moja tu ndilo lililosalimika, la Shangazi Chausiku, dada wa baba yake Tunu. Tunu alipokuwa msichana alimuuliza siri yake, na shangazi akamwonyesha magome ya mkongea, mti mchungu wa mlimani, yamepangwa katikati ya mahindi. Mtoto akalitia jambo hilo moyoni. Alipokuwa profesa alirudi, akabandua magome, akayatwanga, akayaloweka, akayachemsha.

Mwaka huo sabuni ilikuwa adimu nchini. Chupa za maabara zilikaa chafu mezani. Mume wa Profesa, mkuu wa stesheni mstaafu, alimletea mkewe wali wa mchana, akaziona zile chupa, akashindwa kuvumilia. Alikuwa mtu asiyepatana na chombo kichafu. Akazitoa nje bombani, akaziosha kama mama yake alivyomfundisha, zikang'aa. Hilo liwekeni akiba.

Siku zile zile Profesa Tunu akapata chembe nyeupe, nzuri kama chumvi ya mawe. Alizitia kidogo kwenye mtungi wa mahindi yenye dumuzi, na asubuhi hakukuwa na dumuzi hai hata mmoja. Kuku walikula yale mahindi wakaendelea na umbea wao. Profesa akatangaza kwa furaha, magazeti yakaandika, na wakulima wa vilimani wakaanza kusubiri.

Hapo akaingia Dakta Elinami Msuya, mkemia mwenzake wa maabara ya jirani, rafiki yake, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alichukua magome ya mkongea, akafuata kila hatua, asipate kitu. Basi akasimama mkutanoni mbele ya watu akasema kwamba dawa hiyo hajaiona. Profesa akarudia mwenyewe. Kumbe sabuni ilikwisharudi madukani, na chupa zilioshwa kwa sabuni bora na kusuuzwa kwa maji safi kuliko ya kunywa. Hakupata kitu. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mama wa watu alitunga. Hakuna jambo lililowahi kumuuma kama lile, maana alikuwa hajawahi kudanganya hata umri wake.

Lakini kila Alhamisi Dakta Elinami alikwenda kwake kunywa chai. Alikula vitumbua vyake, akamtazama juu ya miwani.

"Umepata?"

"Sijapata."

"Rudia."

Akarudia kwa magome ya masika. Alhamisi ikafika, vitumbua vikaliwa. Umepata? Sijapata. Rudia. Akarudia kwa magome ya kiangazi, akarudia kwa mti mzee, akarudia kwa mti mchanga. Wanafunzi walihitimu wakaoa wakazaa, yeye anarudia. Mbali na Elinami, hakuna aliyeendelea kumuuliza, na kuna siku alimchukia kwa swali lile, na kuna siku alikaa tangu Jumatano akilingoja.

Alipostaafu alihamishia chupa zake chache jikoni kwake. Mume wa Profesa akaosha vyombo vyote pamoja, masufuria na chupa za kemia, bila ubaguzi. Profesa akachemsha magome yake kwa mazoea tu, kama mtu anayesalimia jirani. Chini ya chupa zikabaki chembe nyeupe.

Ilikuwa Alhamisi. Dakta Elinami aliingia, akaziona, akakirudisha kitumbua sahanini. Hakuuliza umepata, maana aliona. Aliuliza jambo ambalo kwa miaka yote hakuna aliyeliuliza.

"Nani ameosha chupa hii?"

Mume wa Profesa alitokea na kitambaa begani, uso umemshuka. "Ni mimi. Kama nimeharibu, nisameheni."

"Umeosha kwa kitu gani?"

"Kwa jivu na makumbi ya nazi. Kwani nyinyi huosha kwa nini?"

Profesa Tunu alikaa chini sakafuni akacheka mpaka akalia. Jivu lina magadi, na magadi hubadilisha mambo; hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua hilo. Jivu kidogo lililobaki kwenye kioo ndilo lililokuwa likiyageuza yale maji ya magome kuwa dawa. Wakapanda wote watatu mpaka kwa Shangazi Chausiku, ambaye sasa alikuwa kikongwe mwenye macho makali, wakamuuliza ghalani mwake aliweka nini hasa.

"Magome na jivu," alisema.

"Shangazi, mbona jivu hukuniambia?"

"Mwanangu, nani anaweka mahindi bila jivu? Ningekwambia pia kwamba ghala lina paa?"

Kisha kikongwe, kwa kuwa siku ile ilikuwa ya kuambiana kweli, akakiri kwamba magome yale hakuyaweka kwa ajili ya dumuzi. Aliyaweka kwa ajili ya shemeji yake, aliyekuwa akimwibia mahindi, ili mikono yake iwe michungu kila akijilamba. Dumuzi walikufa kwa bahati yao mbaya.

Dawa ikathibitishwa, safari hii na Elinami mwenyewe, na jina la Profesa likasafishika. Lakini kitu kile hakimo mtini, wala hakimo jivuni, kinazaliwa vikikutana. Kukiita kwa jina la mti ni uongo, na kisicho na mti wakemia hukipa jina la mtu. Chuo kikapanga mkutano ili Profesa akitangaze, na kwa mara ya kwanza maishani ikambidi akipe jina la mtu. Jina moja.

Nanyi mnajua kwetu mtu unayeitwa naye jina moja ni somo yako. Bibi akipata mjukuu wa jina lake, humwita somo, humwekea tonge la mwisho.

Shangazi Chausiku hakuzunguka mbuyu. Alimwita Tunu akamketisha.

"Mimi sikuzaa," alisema. "Wenzangu wote wana somo zao wanaokimbia uani. Mimi nikifa, jina langu linazikwa nami. Mti nilikuonyesha mimi, na jivu lilikuwa ghalani mwangu kabla hamjazaliwa nyinyi wenye chupa. Nipe somo, mwanangu, hata akiwa unga."

Profesa alishuka mlima akiligeuzageuza neno hilo. Kweli shangazi alimpa nusu ya habari, na nusu hiyo aliipanga kwa ajili ya mwizi. Lakini bila nusu hiyo angeanzia wapi?

Alhamisi Dakta Elinami alimaliza vitumbua, kisha akasema lake, bila kumtazama.

"Siku ile ya kwanza ulibahatisha, Profesa. Wangekupigia makofi, wangejaribu, wangeshindwa, wangekusahau. Mimi ndiye niliyekunyima makofi. Na wote walipoacha kuuliza, mimi niliuliza. Swali la mwisho nalo lilikuwa langu."

Ni kweli. Na ni kweli pia kwamba neno lake mkutanoni lilimvunjia mwenzake heshima, na wakulima wakala vumbi la mahindi miaka yote ile wakisubiri.

Ikabaki jioni ya kuamkia mkutano. Mume wa Profesa alikuwa akimpigia pasi gauni. Profesa alimweleza habari za wale wawili, akitaraji atamwambia ampe shangazi, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa. Akipewa viti viwili huchagua kigoda. Mwanamume akaisimamisha pasi.

"Mimi nalitaka," alisema.

Profesa akavuta kiti akaketi.

"Nikipita njiani wanasema yule ni mume wa Profesa. Sioni vibaya, nakupenda, na uprofesa wako naupenda. Lakini hata mwaliko wa kesho umeandikwa Profesa na mume wake. Chupa zako zilitoa dawa kila nilipoziosha mimi. Siku moja nataka mtu asome jina langu, aulize: huyu alikuwa nani?"

Akachukua pasi akaendelea na kola.

Nawaona mnatikisa vichwa kwa huruma. Haya, nimemtaja mzee huyu tangu mwanzo. Nani kati yenu aliyeniuliza anaitwa nani? Anaitwa Mhina. Mkitaka kusema kwamba aliosha chupa tu, bila kujua anafanya nini, semeni, hamtakuwa waongo. Lakini semeni mkimtaja jina.

Profesa Tunu alijaribu kuyaunga majina yote matatu. Ikatoka Chausielimhinini, akaitamka mara moja ulimi ukateguka, akaacha. Alimpenda shangazi yake aliyempa mwanzo, alimpenda rafiki aliyemkatalia, alimpenda mume aliyemuoshea. Hakuwahi kupewa hesabu ngumu kuliko hiyo.

Mkutanoni ukumbi ulijaa, mapazia yamefungwa ili picha za ukutani zionekane. Wale watatu walikaa mstari wa mbele. Shangazi Chausiku ametega sikio kwa kiganja. Dakta Elinami amevua miwani. Mzee Mhina anaitazama mikono yake. Profesa akashika kipaza sauti, akasema kitu hiki kitaitwa, na alipokuwa akilitaja jina lenyewe umeme ukakatika, watu wakapiga kelele.

Ukumbi mzima haukusikia. Walisikia wale watatu tu. Na mapazia yalipofunguliwa, mmoja wao alikuwa amejifunika uso analia, na wawili wamemshika mabega, huyu huku na huyu huku.

Umeme uliporudi jina lilitangazwa upya, na mimi ninalijua. Ila sitalitaja kabla hamjalitaja nyinyi. Je, aliyelia alikuwa nani? Kati ya Chausiku, Elinami na Mhina, nani alistahili kupata somo?