Ukili wa Chande

"Mfumua mkeka hulala chini."

Mliyasikia maneno haya jana msibani, pale Bi Riziki alipomshika mkono yule mjane aliyelilalia jeneza la mumewe akizuia lisitolewe. Nyinyi vijana mkatazamana, mmoja wenu akacheka, na nilimwona. Kisha njia nzima mkaniuliza mkeka umeingiaje katika kilio cha watu. Haya, kaeni, na simu hizo ziwekeni chini. Maneno hayo yana mwenyewe, naye alikuwa mwanamke wa Kigunda, jina lake Mwanakheri.

Kigunda kilikuwa kijiji cha bondeni, mikindu imejaa hadi milangoni, na hakuna mwanamke asiyejua kusuka. Walikuwa na desturi yao. Siku mtoto alipozaliwa, mama yake alianza kumsukia ukili, ule mshipi mrefu wa ukindu ambao baadaye hushonwa ukawa mkeka. Kila jioni aliongeza upana wa kidole kimoja, hazidishi wala hapunguzi, akauviringisha na kuutundika juu ya kitanda cha mtoto. Mtoto akifika kuoa au kuolewa, wanawake walikaa wakaushona, ukawa mkeka wa arusi yake. Akifa kabla ya hapo waliushona vilevile, akazikwa nao. Ukili wa mtoto hutoa mkeka mdogo, unaomtosha mtoto tu. Wanawake wa Kigunda walikuwa wakisema hakuna kazi nyepesi kwa vidole na nzito kwa moyo kama kuushona huo.

Mwanakheri na mumewe Mbwana walikuwa na watoto wawili: Chande, miaka kumi na mmoja, na mdogo wake wa kike, Tunu, miaka sita. Chande alikuwa ametoka jando mwaka uliotangulia, mtoto mwenye maneno mengi na mbio nyingi. Akashikwa na homa. Siku ya nne asubuhi akafa.

Wanawake walikuja, wakakaa chini, wakashusha ukili wake na kutoa sindano. Mwanakheri akaunyakua, akaukumbatia kifuani.

"Tupe, mwanangu," alisema Bi Mashavu, mkunga mzee aliyewapokea watoto wote wawili. "Kaburi limeshachimbwa. Usimcheleweshe mwenzio."

"Hamshoni kitu hapa."

"Mwanakheri, nisikilize. Ncha ya ukili wa mtu haifumuliwi. Nakujua, na naona mkono wako ulipo. Ukiiachia ncha hiyo, siku zake zitarudi nyuma, kweli, na yeye atarudi nazo. Lakini ukindu uliokwisha kufumuliwa hauna nguvu ya kusukwa tena, na ncha iliyolegea haishikiki. Itaendelea kufumuka mpaka mwanzo."

"Mpaka mwanzo ni miaka kumi na mmoja," alisema Mwanakheri. "Mimi sina hata siku moja. Nipe hiyo miaka kumi na mmoja."

Akafumua vidole vitatu, siku tatu za homa. Chande akakohoa chini ya shuka, akaomba maji.

Mnangoja niwaambie alikosea? Kila mama aliyekuwa mle ndani angefanya hivyohivyo, na mimi wa kwanza. Watu walitawanyika mbio, wengine wakaacha viatu. Mwanakheri alimnywesha mwanawe maji, akamlisha uji, akalia kwa furaha hadi sauti ikamkauka. Kisha akaifunga ile ncha kwa uzi, mafundo saba, akalala.

Asubuhi mafundo yalikuwa wazi na kidole kimoja kilikuwa kimefumuka. Akafunga tena. Keshoye hivyohivyo. Akaipaka ulimbo, akaibana kwa jiwe, na mwisho akawa analala ameishika mkononi. Kila kulipokucha alikuta vipande vya ukindu vilivyokatikakatika vimelala kitandani. Akavifagia na kuvitia motoni kabla Mbwana hajaviona.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mtamu, tusimdhulumu. Chande alicheka, alikula, alipanda mipera ya watu. Lakini kanzu yake ilizidi kuburuza. Jino la mbele ambalo lilikuwa limeota jipya likawa pengo, pengo likajazwa na lile jino la utotoni. Kovu la jando likatoweka, na pamoja nalo nyimbo zote alizofundishwa kule porini. Alikuwa akienda kulala anajua jambo, akiamka halijui.

Na si yeye tu. Kila kidole kilichofumuka kiliondoka na siku yake, na siku ile ilipomtoka Chande iliwatoka wote waliokuwamo; hata siku ya kufufuka kwake na zile alizoishi baada yake hazikukaa vichwani mwa watu. Mwalimu wake wa jando alipoulizwa alisema, "Chande? Sikuwa na mtoto wa jina hilo." Hakuwa anatania. Ni Mwanakheri peke yake aliyekumbuka, kwa kuwa mkono uliofumua ulikuwa wake.

Chande alikuwa na rafiki wa kufa kuzikana, Ngwali, aliyezaliwa naye wiki moja. Mwaka wa tano Ngwali alipita mbele ya nyumba, sauti imekuwa nzito, ndevu zinaanza kuchipua, amebeba shoka begani. Chande, ambaye sasa alikuwa wa miaka sita, alisimama kwa adabu kando ya njia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu," alijibu Ngwali, akapita. Hata hakugeuka.

Mwanakheri aliyaona hayo kutoka jikoni. Aliketi chini na kuuma upindo wa kanga yake, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumweleza akaelewa.

Sasa kuna yule mwingine ambaye hata nyinyi mmeshamsahau, kama mama yake alivyomsahau. Tunu. Mkono wa Mwanakheri ulikuwa umeshika ukili wa Chande mchana na usiku. Utausukaje mwingine kwa mkono mmoja? Ukili wa Tunu ulikoma siku ile Chande alipokufa, ukabaki ukining'inia juu ya kitanda, unaingia vumbi.

Chande aliporudi hadi miaka mitano, alifika mahali ambapo mdogo wake alikuwa bado hajazaliwa. Asubuhi moja Tunu, ambaye sasa alikuwa binti wa miaka kumi na miwili, alimletea uji. Chande akajificha nyuma ya mama yake.

"Mama, huyu dada ni wa nani?"

Tunu aliweka bakuli chini. Alimtazama mama yake.

"Mama, huyu mtoto unayemlea sijui umemtoa wapi, na sikuulizi. Nakuuliza jambo moja tu. Wangu umefika wapi?"

"Wako nini?"

"Ukili wangu."

Tunu aliingia ndani, akauangua ukili wake, akaupangusa vumbi, akaketi kizingitini na kuanza kuusuka mwenyewe. Vidole vyake vilikuwa vya mtu asiyefundishwa, na msuko ulikwenda upande. Mwanakheri alitaka kumwelekeza. Lakini angeuachia ule mwingine? Hakuuachia.

Miaka ikaenda, mmoja mbele kwa Tunu, mmoja nyuma kwa Chande. Chande akaacha kusema sentensi, akaacha kusema maneno, akaacha kutembea. Mbwana akawa anauliza kila siku mtoto huyu mchanga ni wa jirani gani na atachukuliwa lini. Tunu akaolewa kijiji cha pili, juu ya mkeka aliojisukia.

Siku ya mwisho ilibaki kidole kimoja. Mwanakheri alimpakata Chande tangu alasiri, mtoto wa siku moja, mwekundu, hajafungua macho. Alimwita jina lake mara nyingi sana. Kulipopambazuka, kipande cha mwisho cha ukindu kilianguka sakafuni, na mikono yake ilikuwa haina kitu.

Alipiga ukelele. Watu wa Kigunda walikuwa watu wema, walikuja mbio wote.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Chande! Mwanangu Chande!"

Wakatazamana. Mbwana alisimama mlangoni, ameshika kichwa. "Jamani mtuwie radhi," alisema. "Mke wangu anaumwa. Sisi tuna mtoto mmoja tu, naye kaolewa."

Walimpa pole ya ugonjwa, wakaondoka mmoja mmoja. Matanga hayakuwekwa. Utamwekea nani matanga, asiyezaliwa? Hapakuwa na kaburi, hapakuwa na dua, hapakuwa na jirani wa kukaa naye na kusema, "Alikuwa na mbio, mtoto yule." Mwanakheri alilala sakafuni, juu ya udongo mtupu, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Siku ya nne Tunu alifika. Alikuwa amebeba mkeka wake wa arusi begani. Aliutandika kando ya mama yake, akapiga magoti.

"Mama, unayemlilia simjui. Nisamehe, nimejaribu kumkumbuka, simpati. Lakini udongo utakuua. Lala hapa."

Mwanakheri aliupapasa ule mkeka. Kidole chake kilifuata msuko ulionyooka, wa mkono wake mwenyewe, hadi pale ulipokomea na kuanza ule uliokwenda upande. Kisha akausukuma taratibu.

"Ukunje, mwanangu. Ningewaacha washone siku ile, leo ningekuwa na kaburi, na wewe ungekuwa na kaka wa kumlilia pamoja nami. Nilimfumua. Na wewe nikakuacha ujisuke. Mfumua mkeka hulala chini."