Bibi Madoa na Mawe ya Mbweha

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na ziwa.

Likaganda.

Pakawa na samaki.

Yumo chini, hajaganda.

Basi tulieni. Hapo zamani za kale, kaskazini kabisa, huko ambako mti mzima haukufikii kiunoni kwa baridi, palikuwa na ziwa. Ndani yake aliishi samaki mzee, Bibi Madoa. Ufukweni aliishi Mbweha.

Walikuwa na desturi yao. Samaki akifa kwa uzee, wenzake walimsukuma hadi ufukweni, Mbweha akapata kula. Mbweha naye hakugusa mawe ya ziwani, maana chini ya mawe hayo samaki walificha mayai yao.

Siku moja Kunguru alimwonyesha Mbweha kijiwe kinachong'aa, alichokiokota ziwani humo. "Hii ni almasi. Huko kusini wafalme wanaililia." Tangu hapo Mbweha hakupata usingizi.

Akaenda ziwani. "Shikamoo, Bibi. Naomba mawe ya ufukweni."

"Marahaba, mjukuu wangu. Chukua."

Akachukua, hayakumtosha. Akarudi. "Bibi, naomba na ya maji mafupi."

"Hayana mayai hayo. Chukua."

Akachukua, hayakumtosha. Akarudi mara ya tatu. "Bibi, naomba ya chini kabisa."

"Hayo hapana, mjukuu wangu. Nimewalaza wanangu humo, na ndio uzao wangu wa mwisho. Ngoja waanguliwe."

Mbweha angoje? Thubutu! Alichimba mfereji, fukufuku, fukufuku, siku tatu. Maji yakatoka yakaenda zake, na samaki wakaenda nayo. Likabaki dimbwi moja tu, juu ya mayai, na Bibi Madoa amelilalia, mgongo nje. Angeweza kwenda na wenzake. Hakwenda, kwa sababu alikuwa mama.

Mbweha akarundika almasi hadi zikampita kimo. Kisha baridi ikaja na njaa ikaja nayo. Akaenda ufukweni kama desturi. Hakuna samaki. Akaenda tena. Hakuna. Akatafuna almasi, jino likavunjika.

Mara ya tatu akaenda dimbwini, mate yakimdondoka. Bibi Madoa alimwona na hakujificha.

"Umekuja kunila?"

Mbweha aliona haya. "Nina njaa, Bibi."

"Najua. Ukinila leo, utashiba leo. Lakini barafu ikigusa chini, wanangu watakufa, na wewe kesho utakula nini? Ziba mfereji, mjukuu wangu. Nisaidie."

Mbweha akatazama mfereji. Akatazama rundo lake. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Akaanza kubeba almasi, moja moja, akazitupa mferejini, akashindilia tope juu yake. Alilia akibeba, na sijui kama alililia almasi au alimlilia Bibi. Labda vyote viwili.

Chemchemi iliyokuwa chini ya ziwa ikapandisha maji, kidogo kidogo. Barafu ikafunika juu, chini maji yakabaki maji. Mbweha alikaa na njaa yake majira yote ya baridi, akiokoteza panya, wala hakuondoka pale.

Barafu ilipoyeyuka, vilitokea visamaki vidogo, vingi, vyenye madoa. Bibi Madoa akavihesabu hadi akachoka, akacheka.

Asubuhi iliyofuata Mbweha alimkuta ufukweni, amekufa kwa uzee. Visamaki vilikuwa vimemsukuma, vyote pamoja, vikihema.

"Bibi alisema yeye ni chakula chako," kimoja kikamwambia. "Alisema ule, usiogope, ndiyo desturi."

Mbweha alikaa kando yake hadi jua likapanda. Kisha akala, polepole, kwa heshima, na ndicho chakula pekee maishani mwake alichokishukuru kwanza.

Almasi zimo mferejini mpaka leo, zinazuia maji. Huo ndio uzuri wake.

Nanyi mnaonisikiliza, jueni: anayekulisha usimkaushe kwa ajili ya kinachong'aa. Tumbo halijui kung'aa.

Ngano yangu nimeiachia majini. Anayeitaka ainame anywe.