Mche Chini ya Tenga

Hapo zamani, na sisemi zamani ya majini, nasema zamani ya juzi, mabomba ya mgongoni ya kupulizia dawa mimea yalipokwisha kufika milima ya Upare, aliishi mama mmoja mwenye pumu. Kilichomfungua kifua ni majani ya mmea aliourithi kwa mama yake. Msituni mmea huo ulikwisha, ukabaki kwenye tuta lake tu. Likumbukeni hilo.

Mama alikuwa na mabinti watatu.

Mwaka mmoja tuta likageuka njano. Nakijwa, binti wa kwanza, akashuka tambarare kwa miguu, siku mbili, akarudi na chupa ya busta, mbolea ya maji ya kupulizia majani. Chembe zake ndogo mno, hazionekani kwa macho, hupenya kwenye vitundu vya jani. Kifuniko kimoja kwa bomba zima, asubuhi kabla ya jua. Akapulizia. Baada ya wiki tatu tuta likawa kijani, majani mapana, mama akapumua. Nakijwa akasifiwa, na kichwa kikamvimba kidogo, nisiwafiche.

Mara ya pili ilikuwa zamu ya Elieshi, wa katikati. Kipimo alipewa. Kwamba chembe hazionekani, Nakijwa hakumwambia. Elieshi akatia kifuniko kimoja, akachungulia bombani. Maji meupe. Akatia cha pili. Meupe. Akatia cha tano, bado meupe.

"Hii si dawa, ni maji," akasema, "na mama yangu anakohoa." Akamimina chupa yote bombani, akapulizia tuta zima.

Siku ya tatu majani yakaungua, yakakauka hadi mashinani. Asubuhi hiyohiyo kifua cha mama kikabana. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto, na mvua imebeba daraja.

Ndipo Namsifu, kitindamimba, akaenda mwisho wa tuta akafunua tenga. Chini yake palikuwa na mche mmoja mzima, mwembamba, wa njano. Ile chupa hakuiamini tangu mwanzo. Kila siku ya kupulizia aliufunika mche huo kwa siri.

Ulikuwa na majani saba. Dozi moja ni majani saba. Ukiuchuma wote unakufa, na mbegu ndiyo basi.

"Nipeni mimi," akasema Nakijwa. "Nitashuka kuleta chupa nyingine, niupulizie kwa kipimo. Wiki tatu, mama atakuwa na dawa ya miaka yote."

"Mama hana wiki tatu, dada. Mche nimeuokoa mimi, na ninauchuma sasa."

"Umeuokoa kwa kutuficha. Ungesema huiamini chupa, tungeongea, na Elieshi angeniuliza."

Elieshi alikuwa amepiga magoti, analia. "Nipeni mimi niliyeharibu. Nitachuma manne, nitaacha matatu. Aliyezidisha akaona matokeo yake, hatazidisha tena."

"Manne hayajawahi kumfungua mtu kifua," akasema Namsifu.

"Na matatu hayajawahi kuulisha mche," akasema Nakijwa.

Mama alikuwa amekaa mlangoni, pumzi inalia filimbi. Akainua mkono.

"Mmoja aushike," akasema. "Wawili wamtii."

Alitaka kutaja jina. Pumzi haikutosha.

Basi mikono mitatu iko juu ya mche mmoja, na mama anawatazama. Wewe unayeangalia pembeni, nakuuliza wewe kwanza, na ujibu haraka kwa sababu mama anasubiri. Je, nani alistahili kuushika?