Mlango Uliomvusha Bibi Harusi

Nyumba ifunzayo haina mlango.

Mmeisikia leo kanisani, wajukuu zangu, mkacheka, na sasa mnaniuliza ni nyumba gani hiyo isiyoogopa mwizi wala baridi ya milima yetu ya Upare. Haya, endeleeni kumenya hizo tangawizi, mikono isisimame, nami nitawaambia. Methali hii ilianza hivi, wala haikuanzia mbali. Ilianzia kwa bibi yangu mzaa mama, Namkunda, na mimi nilisimuliwa na mama yangu Eliwaza, aliyekuwepo siku hiyo akiwa na nyundo mkononi.

Namkunda na mumewe Senkondo walikaa upande huu wa Mto Nakombo, na shule ilikuwa ng'ambo. Kiangazi watoto walivuka kwa kurukaruka juu ya mawe, wakicheka. Masika mawe hayakuonekana. Mwaka mmoja Anaeli, mdogo wake Eliwaza, aliteleza akachukuliwa na maji. Mwanamume mmoja aliyekuwa akinywesha mbuzi alimkamata kwenye kona ya chini, akamvuta kwa mkono, shati likaenda na maji. Mtoto alitapika maji, akalia, akapona. Aliyekuwa hajapona ni mama yake. Jioni ile alimwambia mumewe, "Baba Eliwaza, watoto wangu hawavuki tena. Nitawafunza hapa hapa."

Hakuwa mtu wa maneno matupu. Alikuwa amesomeshwa na masista wa misheni, akajua kusoma na kuandika, kushona, kuoka mikate, na kutunza mzazi na mtoto mchanga. Senkondo naye alikuwa seremala. Basi nyumba yao ikawa darasa. Kulipokucha waliimba, wakasoma Neno, wakasali, kisha kazi zikaanza. Hesabu walizisomea kwenye mbao: ukitaka kigoda cha miguu mitatu kisiyumbe, utagawanya duara vipi? Walioka mkate kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, na ulipoungua waliula hivyo hivyo wakijadiliana kosa liko wapi. Anaeli alipenda kusokota kamba za katani. Eliwaza alipenda mbao. Alikuwa akiugonga ubao kwa kidole na kuusikiliza kama mtu anayebisha hodi. Senkondo aliwaambia, "Bwana Yesu alikulia kwenye karakana. Msione haya kuwa na vumbi la mbao kichwani."

Ila jambo moja. Masomo yakianza, Namkunda aliufunga mlango.

Mlango wenyewe ulikuwa fahari ya kijiji. Senkondo aliuchonga kwa mvule mwaka aliomwoa, akauwekea nakshi za majani pembeni, mzito kiasi kwamba ulipofungwa kuku wa jirani waliruka. Watoto wa majirani walisikia nyimbo na nyundo, wakaja kuchungulia dirishani. Namkunda aliwapa kila mmoja kipande cha mkate, akawarudisha kwao. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa. Alimwambia mumewe, "Dunia iko nje, na watoto wangu wako ndani. Mungu kanipa hawa, niwachunge."

Jirani yao, Mzee Mkwizu, alikuwa bingwa wa mzaha. Kila akipita aliuliza kwa sauti, "Jamani, humu ni shule au ni ghala la mahindi? Maana naona mmefungia kitu kisiliwe na panya!" Na Senkondo ndani hucheka mpaka randa inamtoka mkononi.

Watoto wakakua. Siku moja Eliwaza, sasa msichana mkubwa, alikiweka chini kigoda alichokuwa akikipiga msasa, akasema, "Baba, vigoda vimejaa nyumba. Hatuna hata watu wa kuvikalia. Lini tutatengeneza kitu ambacho watu wanakihitaji kweli?"

"Kama nini?"

"Daraja."

Namkunda alikuwa akikanda unga. Mikono ikasimama. "Daraja wapi?"

"Nakombo, mama. Pale penye miamba, mto unapobanwa."

"Mto ule nimeshaupa shati la mwanangu. Siupi kitu kingine."

Anaeli ndiye aliyejibu, tena kwa upole. "Mama, mimi ndiye niliyechukuliwa na maji, na bado nayaogopa. Ndiyo maana nataka kupita juu yake."

Namkunda alirudia kukanda unga wake. Siku ya tatu akatoa sharti: hakuna mtoto atakayefanya kazi juu ya maji bila kamba kiunoni, na kamba hiyo ataifunga yeye mwenyewe. Wakakubali.

Ikawa kazi. Senkondo na wanaume wa kijiji walilaza magogo mawili ya mkaratusi kutoka mwamba hadi mwamba. Mbao za kukanyagia zilikuwa kazi ya watoto: kupima, kukata, kutoboa, kupigilia. Anaeli akasokota kamba ya kushikilia. Na kwa kuwa mto hauna mlango wa kufunga, wale watoto waliokuwa wakichungulia dirishani walikuja wote. Huyu anashika ubao, yule anapokeza misumari, wengine wanaimba tu. Namkunda alikaa kwenye jiwe, macho kwenye kamba za viunoni, akawaona watoto wa watu wakijifunza kutoka kwa watoto wake. Siku iliyofuata alikuja na mkate mkubwa zaidi.

Mzee Mkwizu naye alikuja kutazama. Alikuwa na sababu: kijana wake alikuwa anaoa ng'ambo, binti mmoja mcheshi aitwaye Nakijwa, na harusi ilipangwa kabla ya masika. Akauliza, "Eti, mkwe wangu atapita hapa, au nimnunulie mabawa?"

"Atapita, babu," Eliwaza akasema.

Neno likawa limetoka.

Siku ya harusi ilipofika, asubuhi, pengo moja tu lilikuwa limebaki katikati ya daraja, urefu wa mtu aliyelala. Mbao zake zilikuwa tayari, zimepangwa ukingoni. Eliwaza akainua wa kwanza, akaugonga kwa kidole kama kawaida yake, akasikiliza. Akaugonga tena. Akainua wa pili. Akaita, "Baba, njoo usikie."

Senkondo akagonga, uso ukabadilika. Bungua, wale wadudu walao mbao, walikuwa wameingia. Nje ubao mzuri, ndani unga mtupu. Wa tatu hivyo hivyo, na zilizobaki zote.

Wakati huo huo juu milimani kulikuwa kumeanza kunguruma. Mvua ya kwanza ilikuwa imewahi. Maji ya Nakombo, yaliyokuwa yakipita kimya kati ya mawe, yakageuka rangi ya chai ya maziwa, yakaanza kupanda. Na ng'ambo, kwenye mteremko, tarumbeta zikalia. Msafara wa bibi harusi ndio huo, mbele wapiga tarumbeta, nyuma wanawake kwa vigelegele, na Nakijwa katikati na gauni lake jeupe amelishika kwa mikono miwili lisiguse tope. Upande huu bwana harusi, mchungaji na kijiji kizima walikuwa wamekuja kumpokea.

Tarumbeta zikafika ukingoni, zikanyamaza moja moja.

Shangazi wa bibi harusi akapaza sauti juu ya maji, "Enyi wa huko! Tupite au turudi?"

Mzee Mkwizu, kwa mara ya kwanza, hakuwa na mzaha. Akamgeukia Eliwaza. "Mjukuu wangu, weka hizo mbao. Ni za kuvukia mara moja tu. Kesho utaweka nyingine."

Kama wangerudi leo, maji yakapanda, ingebidi wangoje mpaka masika yaishe. Mchungaji mwenyewe alihudumia milima mitatu. Nani ajue angerudi lini? Na makande ya watu wote yalikuwa yameshaiva. Eliwaza aliutazama ule ubao uliooza.

"Siwezi, babu. Siwezi kumkanyagisha mtu ubao ambao mimi mwenyewe nisingeukanyaga."

"Basi tufanye nini?"

"Sijui," akasema, machozi yakamtoka mbele ya kijiji kizima.

Hapo Namkunda akainuka kwenye jiwe lake. Akamfungua Foibe, kitinda mimba wake, mgongoni, akampa jirani ampakate. Akatazama pengo. Akatazama maji. Kisha akakaza kanga yake kiunoni, akashika njia ya nyumbani, anakimbia. Watu wakasema, ameshindwa, ameukimbia mto wake.

Hakukawia. Wa kwanza kumwona alikuwa Anaeli, akapiga kelele. Namkunda alikuwa anateremka kilima na ule mlango wa mvule kichwani, shingo imesimama wima kama mtu aliyebeba mtungi, na nakshi za majani zinang'aa kwa manyunyu ya mvua.

Senkondo akakimbia kumpokea. "Mama Eliwaza! Mlango wetu?"

"Nimezing'oa bawaba kwa mchi. Utanisamehe."

"Lakini nyumba itakaa wazi!"

"Na ikae. Baba Eliwaza, kilicho ndani ya nyumba ile kimeshatoka. Kiko pale kwenye daraja na nyundo mkononi. Sasa mlango wa nini?" Akamgeukia binti yake. "Eliwaza, ugonge."

Eliwaza akajifuta macho, akaugonga kwa kidole. Ulijibu kwa sauti nene, nzima. Akacheka huku akilia. Wakaubeba pamoja hadi kwenye pengo, wakaulaza. Ukakalia magogo yote mawili kama uliochongwa kwa ajili yake. Anaeli akashika, Eliwaza akapigilia, na kila msumari ulipozama watu wa pande zote mbili za mto waliitikia, "Hoyee!"

Ulipozama wa mwisho, hakuna aliyejua nani aanze. Namkunda akavua viatu. Mama huyu ambaye hakuwa ameugusa mto ule tangu siku ya Anaeli, akapanda darajani bila kamba, akatembea. Alipofika kwenye mlango wake akasimama kidogo juu yake, maji yakinguruma chini, akafumba macho. Midomo ikacheza. Kisha akafumbua, akaendelea hadi ng'ambo, akamshika Nakijwa mkono.

"Karibu kwetu, mwanangu," akamwambia. "Mlango uko wazi."

Jamani, tarumbeta zililia siku ile! Shangazi alivuka akicheza. Mpiga ngoma mmoja mnene aligoma katikati akasema anataka kwanza aone kama mlango una funguo. Mzee Mkwizu alimkumbatia mkwewe, akamkumbatia Eliwaza, akamkumbatia na mchungaji, halafu akakumbatia nguzo ya daraja. Watu walikula, wakaimba, wakanyeshewa, wakaendelea kuimba.

Masika yakaingia, na daraja likashika. Jumatatu baada ya harusi Namkunda alikuwa amewaketisha watoto wake, wanasali, mara akasikia vikohozi kizingitini. Walikuwa watoto wa majirani, na nyuma yao watoto wa ng'ambo waliovuka. Wengine walikuwa wamebeba unga, mmoja amebeba msumeno wa baba yake. Walisimama pale pasipokuwa na mlango, hawajui wabishe wapi.

Namkunda akasema, "Ingieni basi, msisimame kwenye manyunyu. Nani kati yenu anajua kuwasha makaa?"

Tangu siku hiyo vile vigoda vyote vikapata wakaliaji. Asubuhi wengine walikwenda shule ya ng'ambo, Anaeli akiwa mmoja wao, wakarudi mchana kujifunza kushona, kuoka, kuchonga. Waliokuwa wakubwa walikaa kutwa nzima. Nakijwa, bibi harusi yule, alikuja na mtoto wake wa kwanza mgongoni ili ajifunze kukata nguo, akaishia kuwafundisha wengine kudarizi. Mama yangu Eliwaza alijenga madaraja mengine mawili kabla hajaolewa, na moja baada.

Senkondo kila mara alisema atachonga mlango mpya. Namkunda alimjibu, "Watengenezee watoto benchi kwanza." Benchi likaisha, likatakiwa lingine. Msimu wa baridi ulipokuja wakatundika blanketi.

Na wageni walipofika kijijini wakauliza, "Iko wapi nyumba ya yule mama anayefundisha watoto kazi za mikono na Neno la Mungu?" Mzee Mkwizu, aliyerudiwa na mzaha wake wote, aliwaelekeza kwa fimbo. "Nendeni tu, hamtapotea. Mtaiona. Nyumba ifunzayo haina mlango!"

Watu wakaichukua, wakaivusha mto, ikateremka milima, hata leo mmeisikia kwa mchungaji ambaye hajawahi kufika Nakombo.

Basi mkiisikia tena msidhani inasifu nyumba ya ovyo. Mfunze mtoto nyumbani, umfunze kweli, mikono yake na moyo wake. Lakini ujue unamfunza atoke, na wengine waingie. Ukimfungia, umemfunzia nini?

Nyumba ifunzayo, wajukuu zangu, haina mlango.